Baba Hakuingia Ndani: Safari Yetu ya Watamu

Tangu nirudi kutoka pwani sijashona nguo hata moja kwa amani. Kila anayeleta kitambaa hapa dukani Nyamira anavuta kiti, anaketi, anasema, "Moraa, hebu tuambie." Nikifika katikati anaingia mwingine, anataka nianze upya. Gauni za watu zinalala. Basi nimeandika yote mara moja, msomeane wenyewe, mniache na cherehani yangu.

Mnajua ilivyoanza. Ndugu yangu Mogaka, askari katika hifadhi ya bahari kule Watamu, alituma habari na mwenzake aliyekuja likizo kwamba ameoa. Ameoa Mgiriama, jina lake Kadzo, na wazazi wa binti wanangoja kusikia upande wetu unasemaje. Baba alimaliza uji wake, akafuta midomo, akasema, "Siwezi kutoa ng'ombe kwa mtu niliyemsikia kwa masikio tu. Nitaenda nimwone. Nikimkubali, ng'ombe watatoka. Nikimkataa, Mogaka atachagua." Hakuna aliyeuliza atachagua nini. Mogaka ndiye mtoto wa kiume wa pekee kwetu, na shamba letu la Nyansiongo, lile tulilogawiwa wazungu walipoondoka, linamngoja yeye.

Kiswahili cha baba ni cha kuuzia maziwa tu. Kwa hiyo nikaambiwa nifunge duka, niandamane naye.

Nyansiongo hadi Nakuru

Tuliondoka Jumatano asubuhi. Baba alivaa lile koti lake zito la kanisani, la sufu ya kondoo, na mimi nikabeba kikapu cha chakula: ugali wa wimbi uliofungwa kwenye majani ya mgomba, kuku wa kukausha na ndizi za kutosha kulisha shule. Mama hakuamini kwamba watu wa mbali hupika.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kupita Sotik kidogo basi likazama kwenye tope hadi tumboni. Wanaume wakashuka kusukuma. Baba naye alishuka, lakini alikwenda kusimama juu ya kichuguu akawa anatoa amri kwa Ekegusii, lugha yetu, na wanaosukuma wote walikuwa Wakipsigis. Hakuna aliyemwelewa, na yeye hakuona kwamba hiyo ni sababu ya kunyamaza.

Tulikaa pale karibu kutwa. Mama mmoja wa nyumba ya jirani alituletea kibuyu cha maziwa ya mkaa, yale mazito ya rangi ya kijivu. Baba akayatazama, akaniambia nimtafsirie: "Mwambie watu wake zamani walichukua ng'ombe wa babu yangu." Niliona haya lakini nilimwambia. Yule mama akacheka, akajibu, "Mwambie na yeye babu yake alichukua wa kwetu. Hayo maziwa labda yanatoka kwa ng'ombe wake, anywe tu." Baba alikunywa, akaomba tena. Trekta la shamba la chai lilipokuja kutuvuta, walikuwa wameshaongea habari za ndama na kupe kwa mikono, bila mimi.

Lakini siku ilikuwa imekwisha, na safari nzima ikasogea mbele kwa siku moja. Kumbukeni hilo, maana lilitugharimu.

Gari moshi

Sitawachosha na Nakuru na Nairobi. Tulipanda gari moshi la jioni, daraja la tatu, mbao tupu. Baba alilisifu sana. Alisema chombo kisichoweza kuzama topeni ni chombo cha kuheshimiwa.

Kulipokucha nilichungulia dirishani, nikaona nchi ambayo sikujua ipo: udongo mwekundu, vichaka vya miiba, wala nyumba hakuna, wala moshi hakuna. Baba alitazama muda mrefu kwa jicho la mkulima. "Hawa watu wa huku wanakula nini?" Nikamwambia sioni watu. Akasema, "Ndiyo, wamekufa njaa."

Halafu ghafla minazi, hewa nzito, na jasho. Mombasa ilitupokea na joto ambalo sina la kulifananisha nalo. Nilimsihi avue koti. Alisema anakwenda kuonana na mkwe, na mkwe haonwi kwa shati. Alitembea mjini humo akichuruzika maji kichwani mpaka miguuni, na watu wakimpisha njia kwa huruma.

Kivuko cha Kilifi

Ile siku iliyopotea Sotik ilitudai hapa. Tulifika kivukoni Kilifi Ijumaa alasiri, feri imeharibika, foleni ya magari imepanda kilima. Mimi nilishuka kununua korosho za moto. Niliporudi nikamkuta baba amesimama kando ya barabara na kikapu chetu miguuni, anatazama jua.

"Linazama," akasema.

Ninyi Wasabato wenzangu mmeshaelewa. Jua likizama Ijumaa, baba hasafiri, hata mbingu ianguke. Nilimwambia feri inatengenezwa, Watamu si mbali, Mungu ameona tope la Sotik na anajua kosa si letu. Akaniambia Mungu pia anajua nani aliyemfundisha mtoto wake kubishana. Nilikasirika, siwafichi. Feri ikapona, basi likaondoka na watu wote, tukabaki sisi wawili na ndizi zilizooza.

Ndipo Bi Rukia, mwanamke mnene aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi pale kivukoni, akaniuliza tumeachwa kwa nini. Nikamweleza kwa Kiswahili chetu. Alisikiliza, akasema, "Kiswahili chako kina mawe, mwanangu, lakini nimekufahamu. Mzee ana siku yake ya Mungu." Akauliza kama tunakula nguruwe. Nikasema hapana. Kama tunakunywa pombe. Nikasema hapana. "Basi ninyi ni watu. Njooni."

Tulikaa kwake Sabato nzima, hadi basi la kwanza la Jumapili. Baba alipewa kitanda cha kamba barazani, mimi nikalala ndani na binti zake. Mumewe alikwenda msikitini kwa nyakati zake, baba akasoma Biblia yake kwa sauti, na hakuna aliyemwingilia mwenzake. Wali wa nazi wa Bi Rukia siwezi kuueleza. Baba alisema wali unaonukia namna ile ni hatari kwa mtu anayetaka kuomba. Tulipoaga, Bi Rukia hakutaka chochote ila tumwombee miguu yake, na tunamwombea mpaka leo.

Mlangoni

Jumapili asubuhi tulishuka Watamu. Mogaka alikuja kutupokea na sare yake ya kaki, amekuwa mweusi na mwenye mabega, hata nikatokwa na machozi. Alituongoza kwenye nyumba za askari: chumba kimoja kimoja, ukuta wa mawe ya matumbawe, paa la mabati. Mbele ya mlango pamefagiwa mpaka mchanga ulikuwa na mistari ya ufagio. Kadzo alikuwa amesimama pale na kanga mpya, msichana mrefu mwenye macho yasiyoogopa. Alikuja mbio, akapiga goti, akanyoosha mikono yote miwili. "Shikamoo, baba."

Baba aliweka mikono nyuma.

Sisi tunajua. Baba mkwe na mkaza mwana hawapeani mikono. Ni heshima ile tunayoiita chinsoni. Lakini Kadzo hakuzaliwa Nyansiongo. Mikono yake ilibaki hewani, akairudisha polepole.

"Karibu ndani, Tata," Mogaka akasema, akimwita baba kwa lugha yetu.

Baba alichungulia mlangoni. Chumba kimoja, na nyuma ya pazia kitanda cha mume na mke. Akarudi hatua nyuma. "Unaniita wapi?"

Mogaka akasema kwa Ekegusii, haraka haraka, "Nyumba hii si yangu, Tata. Ni ya serikali. Nikihama inapewa mwingine. Mwiko hauhusu nyumba ya serikali."

Baba akamtazama kama mtu anayetazama ndama mwenye vichwa viwili. "Na kitanda? Kitanda nacho ni cha serikali?"

Miaka mingi Mogaka amekaa mbali, alidhani amepata njia ya kupita. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Jambo hilo hata mtoto wa kwetu analijua kabla ya kujua kuhesabu.

Baba aliketi kwenye jiwe nje, juani, na koti lake. Kadzo akaleta chakula hapo hapo. Alikuwa ameamka alfajiri kupika kitu cha kifahari kuliko vyote anavyovijua: pweza wa nazi. Baba aliinua kifuniko. Mikono minane ikamtazama. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ana magamba?" Nikasema hana. "Mapezi?" Nikasema, Tata, huyo hana hata mifupa. Akafunika sahani, akaisukuma kwa adabu, akaomba chai.

Mkono, nyumba, chakula: vyote vitatu kwa saa moja. Kadzo alichukua sahani, akaingia ndani, akavuta pazia. Nilimsikia akimwambia Mogaka, bila kupaza sauti, "Baba yako amenitapika. Nikirudi kwetu leo, nani atanilaumu?"

Siku ile baba alilala kwenye banda la mashua za hifadhi, kati ya makasia na kamba. Na Kadzo aliona.

Msituni

Kesho yake Mogaka alikuwa ameomba ruhusa atutembeze. Akaanzia msituni, ule msitu mkubwa nyuma ya Gede. Kadzo alikuja pia, maana kwao ni ukingoni mwa msitu huo na anavijua vijia vyake. Alitembea nyuma kabisa, nami nikabaki naye. Hakusema neno.

Nilikuwa na hasira na wote watatu, lakini msitu ulinituliza. Si msitu kama wa kwetu wenye unyevu na baridi. Huu ni mkavu. Majani yanalia chini ya kiatu, mchanga mweupe mahali pengine na mwekundu mahali pengine, na mibambakofi mikubwa imesimama utadhani hainywi maji kabisa. Vipepeo walikuwa wengi hata nikafunga mdomo. Mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mrija na matako ya rangi ya dhahabu alitoka kwenye majani, akatukagua, akaenda zake. Kadzo akasema, "Sange." Hilo lilikuwa neno lake la kwanza siku ile.

Baba alichota udongo, akaunusa, akaumimina. "Udongo huu haufai hata kwa wimbi," alimwambia Mogaka. "Na tazama miti ilivyoukubali. Hakuna mtu aliyepanda hii." Alivua kofia. Nilimwona baba akivua kofia msituni, na mara nyingine zote nilizomwona akifanya hivyo ilikuwa kanisani.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikamshika Kadzo mkono.

"Wifi, nisikilize. Unadhani baba amekukataa?"

"Mimi si kipofu, wifi."

"Kama Mogaka angekuwa ameweka mwanamke wa kupita tu, baba angeingia ndani. Angeketi, angenyoosha miguu, angekunywa chai kitandani kama anataka. Nyumba ya mwanamke wa kupita haina mwiko. Alipoona pazia lile akarudi nyuma, alikuwa amesema nini?"

Kadzo alisimama. Baba na Mogaka waliendelea mbele, sauti za majani zikapungua.

"Amesema mimi ni mke?"

"Amesema wewe ni mke wa mwanawe. Amekuheshimu mbele ya jua la mchana, na jua lenyewe limemchoma kichwa."

"Na mkono?"

"Hivyo hivyo."

"Na pweza?"

"Pweza ni habari ya Biblia. Hata angepikwa na mama yetu asingemla."

Alikaa chini kwenye gogo. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha akalia kweli. Akasema, "Nyinyi Wakisii mna kazi. Kumpenda mtu mpaka umkimbie." Nikamwambia ndiyo, tuna kazi, na yeye sasa ameolewa nayo.

Juu ya matumbawe

Jioni ile maji yalikuwa yametulia. Hifadhi ina mashua yenye kioo sakafuni, na Mogaka alitaka baba aone anachokilinda. Lakini mashua haifiki ufukweni. Lazima uingie majini hadi mapajani, nguo umeipandisha. Baba, binti yake na mkaza mwana wake, wote wamepandisha nguo? Baba aligeuka akaanza kurudi.

"Ngojeni," Kadzo akasema. Akanivuta kando, akauliza, nikamweleza. Akarudi akampa Mogaka amri: wanaume wageuke, watazame minazi mpaka waambiwe. Sisi tukaingia kwanza, tukaketi nyuma, tukajifunika kanga. Kisha sisi tukatazama bahari kuu, wao wakapanda, baba akaketi mbele akitupa mgongo. Mogaka akasukuma. Mimi nilimtazama yule msichana nikasema moyoni, huyu hana siku nzima tangu aambiwe, na ameshaendesha mila kuliko mimi.

Na kioo kilikuwa katikati.

Rafiki zangu, nimejaribu kuwaeleza hapa dukani na mmedhani natia chumvi. Chini ya kile kioo kuna shamba. Kuna vitu kama kabichi, vitu kama matawi, vitu kama ubongo wa ng'ombe, vya rangi ya zambarau na kahawia na manjano, na katikati yake samaki wanapita kama watu wa soko la Keroka, kila mmoja na shughuli yake. Wengine wana milia, wengine wana midomo kama kasuku na unawasikia wanatafuna mawe. Nilisahau joto, nikasahau duka. Nilifurahi mpaka kifua kikaniuma.

Baba aligeuka, akainama juu ya kioo. Kadzo aliinama upande wa pili. Hawakutazamana, wote walitazama chini. Baba akanyoosha kidole, akasema kwa Kiswahili chake cha maziwa, bila kumtaja mtu, "Huyu nani?"

Mogaka alifungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Huyo pono, baba," Kadzo akasema.

"Na huyu?"

"Tafi. Na yule anayejificha ni chewa."

"Huyu mwekundu?"

"Changu."

Baba akafikiri. "Iko magamba?"

"Anayo, baba. Mengi."

"Mapezi?"

"Hata mapezi anayo."

"Basi. Huyu pika mimi nakula."

Mogaka alicheka mpaka mashua ikayumba. Kadzo akasema, "Huyo hapana, baba. Huyo ni wa hifadhi, nikimgusa, mwanao atanifunga. Lakini nje ya mpaka kuna ndugu yake, nitakutafutia." Na baba akaitikia kwa kichwa, akiwa bado ametazama maji.

Kesho yake wakaja kaka wawili wa Kadzo kutoka kwao na miti na makuti. Yeye mwenyewe aliwaita. Hakumuuliza mtu, ila Mogaka alikwenda kwa mkubwa wake, akajibiwa kwamba makuti hayana neno. Wakajenga kibanda kando ya nyumba ile, na Kadzo akiwasimamia. Aliniuliza jambo moja tu: mlango uelekee wapi. Nikamwambia uelekee upande usioona mlango wake. Kaka mmoja akanung'unika kwamba nyumba gani hii inayoipa nyumba mgongo. Kadzo akamwambia ashike nyundo.

Jioni baba aliingia humo. Aliinama, akaingia, akaketi, na kwa mara ya kwanza tangu Nyansiongo akavua koti. Changu wa kuchoma akaletwa hadi mlangoni. Alikula hadi mifupa ikawa safi.

Gede, njia ya kurudi

Siku ya kuondoka nilifunga kikapu changu mapema. Baba alinisindikiza hadi Gede, kwenye barabara ya basi, na Mogaka. Niliona mikono yake mitupu, nikadhani Mogaka amembebea mzigo, lakini Mogaka naye hakuwa na kitu.

Basi likaonekana kwa mbali.

"Tata, mzigo wako uko wapi?"

"Uko nyumbani," akasema.

Nilidhani amechanganyikiwa na joto. Akaendelea kwa utulivu, kama mtu anayezungumza habari ya mvua. "Wewe nenda. Mimi nina nyumba hapa, sitaiacha kabla makuti hayajakauka. Na wakwe zangu wamesema wanakuja kunisalimu. Wakikuta nimekimbia watasema nini? Mwambie mama yako achague ng'ombe wa mahari. Achague yeye, mimi namwachia. Asichague wale dhaifu."

Nilisafiri peke yangu, na safari ile haikuwa na tope wala feri mbovu, kwa hiyo haina la kusimulia.

Mama alinipokea uani Nyansiongo. Alitazama nyuma yangu, akaona hakuna mtu, akashika kifua. Nikamwambia haraka mzee ni mzima. Hakuuliza habari ya bahari, wala ya samaki, wala ya msitu, mambo yote niliyokuwa nimejitayarisha kusimulia njia nzima.

"Analala wapi?" akauliza.

"Katika nyumba aliyojengewa na mkaza mwana wake."

Mama alichukua kamba ukutani, akaenda zizini.